Mfuo Haukatwi Katikati

Sijui Mkufunzi alizaliwa wapi, na sijawahi kutaka kujua. Huku Mara mtu akikutana nawe huanza kukuuliza wewe ni wa nani, baba yako ni wa ukoo gani, mjomba wako ameoa wapi, na kabla hujamaliza kujibu ameshaamua kama atakukaribisha kiti au atakuacha umesimama. Yeye hakuniuliza. Siku niliyopanda lori la chuo kwa mara ya kwanza nilikuwa natoka kuosha mchanga wa dhahabu Buhemba, na kabla ya hapo nilikuwa nabeba samaki Musoma. Alinitazama viatu, akauliza kama naogopa ng'ombe. Nikasema siogopi. Akasema, "Basi wewe ni Utingo," na tangu siku hiyo hakuniita jina lingine. Nami namlipa kwa kipimo hichohicho. Ataitwa Mkufunzi mpaka mwisho wa habari hii.

Alifundisha mifugo katika chuo kidogo kando ya barabara ya kutoka Bunda kwenda Kibara. Kulikuwa na mabweni, josho, zizi, na uwanja wa mpira wenye mteremko, hata mpira ukipigwa vibaya upande wa juu ulijipeleka wenyewe hadi joshoni. Watu wa mjini walikiita chuo cha ng'ombe, na timu yetu waliiita Maksai, ng'ombe waliohasiwa, wakimaanisha tusi. Mwaka mmoja timu hiyo ilichukua kombe la ligi ya vyuo. Siku hizi wako wanaosimulia kwamba kombe lile lililetwa na uongozi bora na mshikamano wa wadau. Wasimulie. Mimi nilikuwa kwenye lile lori kila safari, nikifunga turubai na kusukuma pale betri ilipogoma, na niliona nani alilileta.

Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kushika plau. Alivaa gambuti hata katikati ya kiangazi, na sketi ndefu juu yake. Jumapili tu ndipo alipovaa viatu vya watu, akienda kuimba sauti ya pili kwenye kwaya. Makocha wengine hukimbia kando ya mstari wakirusha mikono na kulaumu hewa. Yeye alisimama mahali pamoja, mikono nyuma, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba ukitaka kusikia alichosema ilibidi unyamaze. "Ng'ombe hapigiwi kelele," alisemaga. "Akizoea kelele, siku ya fisi utamwambia nini?"

Mpira wenyewe hakuupenda. Nikisema hivi watu hudhani natania. Nchi nzima ikiwa imeganda mbele ya luninga siku ya watani wa jadi, Mkufunzi alikuwa amelala, au alikuwa anakata kwato za mbuzi huko zizini. Timu aliipata kwa dhihaka. Mlezi wa zamani alihama, na kwenye kikao cha wakufunzi Mkuu wa chuo akauliza nani ataichukua. Wanaume wote wakatazama meza. Mmoja akasema kwa kuwa ni timu ya maksai, apewe mwalimu wa maksai. Nasikia walicheka mpaka chai ikapoa. Yeye alingoja wamalize, akasema, "Nileteeni."

Wiki ya kwanza vijana hawakugusa mpira. Aliwapeleka shamba la chuo, akawafungia ng'ombe, akawaambia walime. Kila mchezaji alishika plau, kila mmoja akaongoza mbele, na yeye alikaa kwenye kichuguu akitazama. Hakuwa anatazama mifuo, ile mistari inayochorwa na plau, maana mingine ilikuwa imepinda kama mkia wa mbwa. Alikuwa anatazama nani anatembea na nani, nani anamngoja mwenzake, nani akipitwa anakasirika.

Asiyewahi kulima kwa ng'ombe nimweleze. Maksai hafungwi ovyo. Kuna wa kulia na kuna wa kushoto, na aliyefundishwa kulia ukimfunga kushoto atakuharibia siku nzima. Atamsukuma mwenzake nje ya mstari, atageuza shingo, mwisho atalala chini na hutamwamsha kwa fimbo wala kwa maombi. Na wale wawili wa nira moja hawachaguliwi kwa nguvu. Wanachaguliwa kwa hatua. Mkufunzi alipanga timu hivyohivyo. Wachezaji kumi na mmoja, kwake, walikuwa nira tano na mshika plau. Mshika plau ni kipa, kwa sababu ndiye peke yake anayeona migongo ya wote. Waliofungwa nira moja walikula sahani moja, walilala chumba kimoja, na mmoja akichelewa mazoezi walikimbia wote wawili. Kijana mmoja alilalamika kwamba anaadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Akajibiwa kwamba ng'ombe wa nira moja, mmoja akinywa maji, mwingine anangoja.

Mbele aliwafunga pamoja mshambuliaji mwenye maneno mengi kuliko redio na mwingine ambaye hata ukimkanyaga hakusema. Watu walicheka. Lakini nira iliyonyamazisha uwanja ilikuwa ya nyuma, ya mabeki wa kati. Aliita, "Kulia, Wambura. Kushoto, Makuru." Hakuna aliyecheka.

Wambura na Makuru walitoka vijiji viwili vinavyotazamana ng'ambo na ng'ambo ya mto, huko upande wa Buhemba, na watu wa vijiji hivyo wamegombea malisho tangu kabla wao hawajazaliwa. Pale chuoni walikuwa wamepangiwa mabweni ya mwisho na mwisho, na kila mtu alijua sababu. Wambura alikuwa mfupi, mnene wa shingo, mzito wa kukasirika na mzito wa kusahau. Makuru alikuwa mrefu, mwepesi, mwenye utani.

"Madamu," Makuru akasema, "huyu babu yake alimkata babu yangu panga."

"Babu zenu wamo kwenye timu?"

"Hapana, Madamu."

"Basi nendeni mkachukue sahani."

Mwanzoni walikula wamegeuziana mabega, kila mmoja akimega upande wake wa ugali, na katikati pakabaki ukuta mwembamba ambao hakuna aliyeugusa. Mpishi alikuwa akirudishiwa sahani ile na ukuta wake umesimama kama mpaka wa mashamba. Sikuona siku ukuta ulipoanguka. Niliona tu kwamba mvua za kwanza zilipofika, Makuru alikuwa akimtania Wambura kuhusu shingo yake, na Wambura alikuwa akivumilia.

Tukaanza kushinda. Tulishinda Bunda mjini, tukashinda tena nyumbani, tukatoka sare Kibara kwenye uwanja ulio karibu na ziwa kiasi kwamba mpira mmoja uliokotwa na mtu mwenye mtumbwi, akaurudisha kwa kasia. Popote tulipokwenda walituimbia wimbo uleule: "Maksai hawazai, maksai hawazai," wakimaanisha hatutafunga bao. Siku ya Bunda wimbo ulikuwa mkubwa mno, na mapumziko vijana walikaa kwenye nyasi vichwa chini. Mkufunzi alipita katikati yao akigawa maji.

"Wanachosema ni kweli," akasema. "Maksai hawazai. Maksai wanalima. Na hao wote wanaoimba walikula ugali asubuhi."

Kipindi cha pili sisi ndio tuliokuwa tukiimba wimbo ule. Baadaye yeye mwenyewe alinunua kitambaa, akakata, akadarizi jina MAKSAI mgongoni mwa jezi zote. Mkuu wa chuo alitaka lifutwe, akisema linashusha hadhi. Halikufutwa.

Tulipoteza mechi moja tu, na sababu yake inanichekesha hadi leo. Wachezaji walikuwa na kamati yao ya siri, ile ambayo kila timu ya nchi hii inayo na kila timu inaikana. Kamati iliambiwa na mtaalamu fulani kwamba siku ile tusipite getini, maana getini pamefukiwa kitu. Mkufunzi alipita getini peke yake akiburuta mfuko wa mipira, akaenda kukaa kwenye benchi. Vijana wakazunguka nyuma kuruka ua. Ua lenyewe lilikuwa la minyaa. Kila mtoto wa huku anajua kwamba utomvu wa minyaa ukiingia jichoni ni kilio, lakini mtu aliyeogopa kilichofukiwa getini hakumbuki kilichooteshwa uani. Kipa alitua upande wa pili amefumba macho yote mawili. Tulifungwa mabao ambayo kipa wetu aliyasikia tu. Mkufunzi alimkamulia maziwa ya moto kutoka kwa ng'ombe wa jirani wa uwanja, akamwagia machoni kidogokidogo, bila neno. Tulipokuwa njiani kurudi ndipo alipogonga kioo cha lori, akaniambia niwapelekee nyuma ujumbe: mshika plau asiyeona asilaumu ng'ombe. Kamati ilivunjika kabla hatujafika barabara ya lami.

Nisimpambe. Alikuwa na mambo yake. Kwa mtu aliyehubiri kumaliza mfuo, sijaona mwingine aliyeacha vitu nusu kama yeye. Kikombe chake cha chai hakikuisha hata siku moja. Vikombe vilimfuata chuo kizima, dirishani, juu ya ukuta wa josho, kwenye boneti ya lori, kila kimoja kimenywewa nusu. Nyumba yake ilikuwa imepigwa lipu upande wa barabara tu. Alianza sentensi, akaona mbwa anakohoa, akaondoka nayo. Aliimba kanisani kwamba tusamehe kama tunavyosamehewa, halafu alipita miaka bila kumsalimu mkufunzi aliyewahi kumpiga ndama teke. Nilimuuliza mara moja, kwa vile napenda kuuliza, inakuwaje yeye huacha kila kitu katikati. Alifikiri kweli. "Vitu vyangu vinaweza kuningoja," akasema. "Ng'ombe waliofungwa hawawezi."

Sikuelewa alichosema mpaka ile wiki ya fainali.

Tulikuwa tumebakiza mechi moja, Musoma, Jumamosi. Jumanne ng'ombe wa baba mkubwa wa Wambura walichukuliwa zizini. Huku ng'ombe wakiibwa hatuanzi na kelele, tunaanza na nyayo. Watu wanazifuata, kijiji kinakabidhi kwa kijiji, na pale nyayo zinapoishia ndipo wenye pale wanapaswa kuonyesha zilikotokea au walipe wao. Ni desturi ya zamani na haimbagui mtu. Nyayo zile zilivuka mto. Ziliishia kijijini kwa kina Makuru.

Simu zilifika chuoni kabla ya mchana. Sikusimuliwa yaliyofuata ofisini kwa Mkuu, maana dirisha lilikuwa wazi na mimi nilikuwa chini yake nabadilisha tairi. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alipokuwa kijana aliwahi kuona wanafunzi wa koo mbili wakipigana mapanga bwenini, na tangu hapo hakulala vizuri. Alisema vijana wote wawili waende kwao leo hii. Kama timu haiwezi kucheza bila wao, basi isiende Musoma. Mkufunzi akamwambia kwamba wakipelekwa kwao leo, kila mmoja atapewa silaha na kuwekwa upande wake wa mto, na watakutana huko bila mpira. Hapa walipo, alisema, wanakula sahani moja. Mkuu akasema hayo ni mambo ya polisi na wazee, si ya mwalimu wa michezo.

"Nira haifunguliwi katikati ya mfuo, Mkuu."

"Hii ni amri, Madamu."

"Nimeisikia."

Akatoka. Kikombe chake cha chai kilibaki mezani kwa Mkuu, nusu.

Jioni ile Wambura hakwenda kwenye sahani. Alikaa mbali, kwenye gogo, mgongo kwetu. Makuru alikaa mbele ya ugali na sangara wake, hakunawa hata mikono. Vijana wengine walikula wakiwatazama. Mkufunzi alipita, akaona, akaendelea na safari yake, na nilidhani ameacha jambo lingine nusu. Lakini Makuru hakula. Ugali ulipoa, ukaanza kukauka juu, nzi wakaja, naye akawa anawafukuza tu. Wenzao walimaliza, wakaosha vyombo, wakaondoka. Mwishowe Wambura aligeuka.

"Kula bwana," akasema.

"Ng'ombe wa nira moja," Makuru akasema, na hakumalizia.

Wambura alikuja akakaa. Walikula, na hawakujenga ukuta.

Alhamisi wazee walifika. Walikuja wa upande wa Wambura, juu ya pikipiki, fimbo zimelazwa mapajani, wakatukuta uwanjani kwenye mazoezi. Aliyewaongoza alikuwa yule baba mkubwa mwenye ng'ombe. Alimsalimu Mkufunzi kwa adabu, akamwambia kwamba wamekuja kumchukua mtoto wao. Nyayo zimeishia kijijini kwa yule kijana mwingine, akasema, na mtoto wao anakula naye sahani moja, na hilo haliwezekani. Mazoezi yalisimama. Wambura alikuwa tayari ameanza kuvua viatu.

"Mzee," Mkufunzi akasema, "wewe unalimaga?"

"Nalima."

"Kwa ng'ombe?"

"Kwa nini kingine?"

"Mtu akikuletea habari ya msiba, na wewe uko katikati ya mfuo, anafanyaje?"

Kila mtu pale alijua jibu, hata mimi niliyeacha shule mapema. Mleta habari, hata kama ni ya kifo, haingii shambani. Anasimama ukingoni na kungoja. Ng'ombe akisimamishwa katikati ya mfuo mara moja atajifunza kusimama kila siku, na wazee husema mfuo uliokatwa unaalika njaa. Hata mwenye msiba wake hulima mpaka mwisho, ndipo anafungua nira, ndipo analia.

"Anasimama ukingoni," mzee akasema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka plau igeuke."

"Mimi nalima," Mkufunzi akasema. "Nimebakiza kipande. Jumamosi njooni Musoma, msimame ukingoni. Plau ikigeuka nitafungua nira kwa mikono yangu, kila mtu achukue wake. Sitamficha, sitamkimbiza."

"Mwanamke hanifundishi kulima."

"Sikufundishi, mzee. Nakukumbusha."

Yule mzee alihamisha fimbo kutoka mkono huu kwenda ule. Alimtazama Wambura, akautazama uwanja wetu uliopinda, akatema mate pembeni. Kisha akamwambia Wambura neno moja kwa lugha ya kwao, na Wambura akaanza kufunga viatu tena. Pikipiki ziliondoka. Kabla hazijafika nyumbani, habari ilikuwa imeshavuka mto, na wazee wa kina Makuru walituma salamu kwamba kama wale wanasimama, na wao watasimama. Mkuu alimwita Mkufunzi akamwambia mbele ya mhasibu kwamba damu ikimwagika Musoma itakuwa juu yake. Mkufunzi akasema, "Ndiyo, itakuwa juu yangu."

Jumamosi upepo ulitoka ziwani tangu asubuhi. Uwanja ulikuwa Kitaji, palepale Musoma mjini, na watu wa Kitaji walijaa mpaka juu ya mapaa. Wazee walikuwa wameshafika. Upande wa mashariki walisimama wa Wambura, upande wa magharibi wa Makuru, wamevaa makoti, mikono juu ya fimbo. Watu wa uwanja waliwaletea viti kwa heshima, wakakataa pande zote mbili. Mleta habari hakai. Polisi nao walikuwepo, wakitazama fimbo zile, na mimi nilikaa kwenye mlango wa lori nikiwa sijui nitazame mpira au nitazame fimbo.

Wenyeji walikuwa wazuri, niseme ukweli. Walitusukuma kipindi chote cha kwanza. Mipira iliyopita kila mahali ilifika kwa Wambura na Makuru, na hapo ikaishia. Kipindi cha pili Wambura aligongana na mshambuliaji wao, akaanguka, na alipoinuka alikuwa anachechemea. Benchi lote liligeuka. Nahodha alikimbia hadi kwenye mstari, akataka Wambura atolewe na Makuru ahamie kulia, kwenye upande unaoshambuliwa.

"Makuru ni wa kushoto," Mkufunzi akasema.

"Madamu, huyu hawezi kukimbia!"

"Mwenzake anajua."

Na kweli, Makuru alijua. Sijawahi kuona jambo hilo tena kwenye mpira, ingawa nimeliona mara nyingi shambani. Makuru, aliyekuwa mwepesi kuliko wote uwanjani, alipunguza hatua. Aliacha kukimbilia mipira ya mbali. Alikaa bega kwa bega na Wambura, wakapanda pamoja, wakashuka pamoja, polepole, kama wale wawili wanapomaliza shamba jioni, na hakuna aliyepita kati yao. Wenyeji walidhani tumechoka, wakaja wote. Hapo mpira mmoja ukawaponyoka, mshambuliaji wetu msemaji akaukimbilia, akavuta mabeki wawili huku akiwatukana kwa Kiswahili kizuri, akamwachia mwenzake asiyesema. Yule asiyesema akafunga. Nasikia alipoulizwa baadaye alijisikiaje, alisema, "Vizuri."

Kipenga kilipolia watu waliingia uwanjani kama maji. Mkufunzi hakwenda kwenye kombe. Alitembea na gambuti zake mpaka katikati, akawashika Wambura na Makuru mikono, akawatoa kwenye shangwe. Alimpeleka kwanza Wambura upande wa mashariki. Nilikuwa nimeshuka kwenye lori, nikawa karibu.

"Plau imegeuka, mzee," akasema. "Huyu wako."

Kisha akauvuka uwanja wote na Makuru. "Huyu wenu."

Alivyoahidi ndivyo alivyofanya, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayemwaga maziwa chini. Angeweza kuwapandisha lorini. Tungewaficha, na kila mchezaji alikuwa tayari. Lakini yeye hakuwa amewadanganya wale wazee. Wambura alikuwa ameshageuzwa kuondoka, mkono wa baba yake mkubwa begani, aliposimama akaita kwa sauti kuvuka uwanja mzima, mbele ya koo zote mbili na polisi na watu wa juu ya mapaa.

"Makuru! Sahani yetu ninayo mimi. Usije ukaitafuta."

Yule mzee alisikia. Alisimama kidogo, halafu akaendelea kutembea, na mkono wake ulikuwa bado begani mwa kijana.

Hakuna aliyepewa panga. Wazee walikaa kikao kando ya mto siku zilizofuata, nyayo zikajadiliwa, ng'ombe wakalipwa kama desturi inavyotaka. Wako wanaosema yangeisha hivyohivyo hata bila mpira. Waseme. Wao hawakuona zile fimbo. Wambura na Makuru walirudi chuoni muhula uliofuata, wakamkuta Mkufunzi hayupo. Kombe lilikuwa kwenye kabati la kioo ofisini, na yeye alikuwa ameandikiwa uhamisho wa mbali kwa kukaidi amri. Alikataa kuhama. Alisema hakuomba. Akaacha kazi, akavaa gambuti, akaacha chai dirishani. Nilikiona kile kikombe kwa wiki nzima, na hakuna aliyethubutu kukiosha.

Mimi nami sikukaa. Nilibeba pamba, nikarudi Buhemba, nikaonja na Kibara. Miaka imepita. Mwanzo wa mvua za mwaka huu nilikutana na Mkuu stendi ya Bunda, amezeeka, akanishika mkono kama ndugu. Aliniambia timu haijashinda kitu tangu wakati ule. Aliniambia bodi iko tayari kumrudisha Mkufunzi, tena kwa heshima, ila aje kwanza mbele yao aseme kwamba alikosea kukaidi. Neno moja tu, kwa ajili ya utaratibu. Akaniomba nimpelekee, kwa kuwa mimi hujulikana kwamba nafika kila mahali.

Nilimkuta ndani huko, mbele ya Butiama, kwenye shamba linalopanda kilima. Alikuwa ameshika plau peke yake, bila wa kuongoza mbele, nywele zimekuwa nyeupe chini ya kitambaa. Ukingoni palikuwa na jirani yake, mama mmoja, anapalilia mihogo. Nikamsalimu, nikasifia ng'ombe wale, maana walikuwa wamelingana hatua ajabu. Akasema si wa Mkufunzi. Yule wa kulia huletwa kila mvua na watu wa kina Wambura, na wa kushoto huletwa na watu wa kina Makuru, na mavuno yakiisha kila mmoja anarudishwa kwake. Hajui kwa nini. Ndivyo wanavyofanyaga.

Mkufunzi aliniona. Nilitaka kuingia shambani nikamsalimu, akanyanyua kiganja kimoja bila kuacha kishikio. Nikasimama.

Alilima mpaka mwisho wa mfuo, akageuza, akarudi upande wangu. Alipokaribia alisema bila kusimama, "Utingo. Wanataka nini?"

"Urudi, Madamu. Lakini kwanza ukaseme ulikosea."

Ng'ombe hawakupunguza hatua. Alipita, udongo ukafunguka mweusi nyuma yake, akaenda mpaka juu kabisa, akageuza tena. Safari ile ya kurudi ilichukua muda, nami nilimtazama akija, mikono yake imetulia, midomo imefungwa, gambuti zikizama na kutoka. Alipofika mbele yangu alinitazama usoni, akacheka kidogo.

"Waambie waje," akasema, "wasimame ukingoni."

Akapita. Nikalitazama shamba lililobaki. Lilikuwa kubwa.